Taa kali kwenye tangi dogo la samaki? Mimi nasema usinunue

Ndugu mfugaji, juzi kijana mmoja hapa Kaoze kanionesha taa aliyouziwa kwa ajili ya tangi lake la kioo la lita 20. Kauza kuku kumi kuilipia! Humo anafuga samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika.

Taa ile ni ya wanaofuga matumbawe ya baharini. Ndani ya matumbawe huishi mwani mdogo sana unaoyalisha kwa kutumia mwanga. Mwanga ukipungua, yanakufa. Samaki wetu hawali mwanga, wanakula chakula. Taa ni ya sisi kuwaona tu.

Sasa hasara iko wapi? Maji machache hupata moto haraka, na huku bondeni joto tunalo tayari. Maji yakipata moto, hewa inapungua, samaki wanapanda juu kuhema. Ukiwasha kutwa nzima, maji yanageuka kijani.

Ushauri wangu: taa ndogo ya LED, saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisikae dirishani. Hela inayobaki nunua pampu ya hewa. Hiyo ndiyo itakuokolea samaki.