Tumkumbuke Mama Mhasibu kwa Ukweli



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tumemzika mama yetu aliyetunza daftari la fedha la parokia. Jina lake hatulitaji, kwa maana mwenyewe hakupenda kutajwa, ninyi mnamfahamu. Wengi walisimama kaburini wakamsifu kuwa mama wa sala, mama wa Rozari, nguzo ya WAWATA. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyetamka neno juu ya kazi yake ya uhasibu, na kimya hicho hatuwezi kukiacha kipite.

Tuseme wazi: alipokuwa hai, uhasibu wake ndio uliotuudhi. Tulimwita mgumu, tukamwita mwenye roho mbaya. Kiongozi wa kigango aliyeleta sadaka pungufu alihesabu upya mbele ya mashahidi. Fundi asiye na stakabadhi hakulipwa. Nasi tuliowekwa kuwa wachungaji wenu hatukusalimika. Masika moja, gari likiwa limeharibika na barabara hazipitiki, tulimwomba atutolee fedha kidogo katika mfuko wa bati za kanisa, tukiahidi kurudisha baada ya mavuno. Alisikiliza kwa adabu, akafunga daftari, akasema: "Baba, fedha hizi si zangu wala si zako. Aliyeleta debe lake la mahindi aliambiwa ni la bati."

Tulikasirika. Siku kadhaa tulimsalimu shingo upande. Baadaye tulifungua Sheria ya Kanisa, tukakuta kanuni ya 1267 ikisema jambo lile lile: sadaka iliyotolewa kwa shabaha fulani itumike kwa shabaha hiyo tu. Mama yule alikuwa ametukumbusha tuliyofundishwa seminarini tukayasahau.

Na sasa, udongo wa kaburi haujakauka, tunasikia minong'ono kwamba nafasi yake apewe "mtu mwelewa". Lugha hiyo tunaifahamu. Mwelewa ni yule atakayetia sahihi kwanza na kuuliza baadaye. Basi tujiulize: zile sifa za kaburini zilikuwa za nini, ikiwa tunatafuta mtu asiyefanana naye hata kidogo?

Wapo wanaojitetea kwa Maandiko. Husema Bwana alikataza sadaka zisitangazwe, hivyo hesabu zisisomwe hadharani. Hapana. Fundisho lile la Mathayo sura ya 6 lamhusu mtoaji na mali yake mwenyewe, asije akatafuta sifa za watu. Halimhusu mtunzaji wa mali ya wengine. Kwa mtunzaji upo mfano mwingine, wa wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu (Lk 16). Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakumwachia mtu mmoja kuusimamia. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili asilaumiwe na mtu (2 Kor 8). Ikiwa Paulo alitaka mashahidi, sisi ni nani hata tuwakatae?

Wengine husema Mkristo awe na huruma, asibane mno. Huruma ni kutoa kilicho chako. Kutoa kilicho cha mwenzako bila ridhaa yake kuna jina jingine, na amri ya saba inalihukumu.

Tena wapo wasemao: sala ni sala, kazi ni kazi. Hao tunawaelekeza Goma, kwa jirani zetu wa Kongo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei, mwanajumuiya ya Sant'Egidio, mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usiuzwe kwa watu. Mwezi Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Imani yake ilipimwa kazini, mezani pa karatasi na mihuri. Mama yetu hakumwaga damu; alipewa majina mabaya kwa miaka mingi, akayabeba, na Jumapili akaja Misani pamoja na waliompa.

Injili ya Luka (8:3) yawataja wanawake waliomhudumia Bwana kwa mali zao, mmoja wao Yoana, mke wa Kuza, msimamizi wa Herode. Na ni Yohane anayetuambia kwamba mfuko wa fedha ulikuwa kwa Yuda, naye alikuwa akichukua vilivyomo. Kila parokia yapaswa kuchagua mfuko wake uwe mkononi mwa nani.

Kwa hiyo, wapendwa wa Liparamba, kanuni ya 1287 yatutaka tuwatolee waamini hesabu ya sadaka walizotoa. Tutaanza na sisi wenyewe: Jumapili ijayo, baada ya Misa, hesabu za parokia zitasomwa, nanyi mtauliza bila hofu. Kisha Kamati ya Fedha itachagua mtunza daftari mpya. Tunaomba mtuletee mtu mgumu.

Bwana ampokee mtumishi wake aliyekuwa mwaminifu katika madogo. Apumzike kwa amani. Amina.