PUMU: DAWA YA HOSPITALI NA DAWA YA NYUMBANI



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya pumu, maradhi ambayo watu wa Mlimba na bonde zima la Kilombero wayajua. Mpunga ukiisha kuvunwa, vumbi la kupepeta na moshi wa pumba hutanda vijijini, na baridi ya Juni na Julai huzidi. Ndipo usiku kifua cha mtoto husikika kikilia kama filimbi, na wazazi hukesha hawajui la kufanya.

Yafaa kwanza tujue pumu ni nini. Ndani ya mapafu mna mirija ipitishayo hewa. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo huudhika upesi. Ikiguswa na moshi, vumbi, baridi au mafua, ukuta wake wa ndani huvimba, misuli iizungukayo hukaza, na makohozi huziba nafasi ndogo iliyobaki. Huu si uchawi, wala si jini, wala hauambukizi. Basi msimfiche mtoto, wala msimtenge na wenziwe.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha tujitibu, kwani kila maradhi yameteremshwa pamoja na dawa yake. Na wazee wetu katika elimu walilifuata fundisho hilo. Tabibu Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika juu ya mtu ambaye mafua humshika kila msimu wa mawaridi. Yaani aliona kwamba kitu cha nje chaweza kuiudhi njia ya pumzi.

Dawa za hospitali ni za namna mbili, na hapa ndipo wengi wakoseapo. Ya kwanza ni ya kufungua, kama salbutamol, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Huvutwa kwa kifaa ambacho wengi hukiita inhela, na hulegeza misuli kwa dakika chache. Lakini uvimbe hauondoi. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni, itumikayo tangu mwaka 1972. Hii hupunguza uvimbe, nayo hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Kisha asukutue kinywa. Mwenye kutegemea ile ya kwanza peke yake ni kama afungaye mlango huku mwizi yumo ndani. Na wasemao kwamba inhela humfanya mtu mtumwa wa dawa, wamekosea.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta vizuri. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuingizwa inhela pale kwenye tundu, hufaa kama vyombo vya dukani. Mwombeni mganga wa zahanati awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

Ama dawa za nyumbani, hatuzidharau. Asali imetajwa katika Kurani kuwa ina ponyo kwa watu, nayo hutuliza kikohozi, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Tangawizi na habba sauda zaweza kutumika pamoja na dawa ya daktari, si badala yake. Chai na kahawa hufungua kifua kidogo tu. Lakini jihadharini na mambo mawili. Mnanaha ulivutwa zamani kwa ajili ya pumu, nao ni sumu iwezayo kuua. Na moshi wa udi na ubani, tuupendao majumbani mwetu, humdhuru mwenye pumu. Basi tusimfukize mgonjwa, na jiko la kuni liwe mbali na alalapo.

Je, inhela hufunguza saumu? Wanavyuoni wamehitilafiana: wako wasemao haifunguzi, na wako wasemao hufunguza. Lakini hawakuhitilafiana kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Basi asiiache mtu dawa akahatarisha roho yake kwa kudhani kuwa ndiyo taqwa.

Mwisho, zijueni dalili za hatari: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi, au dawa ya kufungua haimpi nafuu. Hapo msingoje asubuhi. Mwekeni akae wima, mwendelezeni kumpa dawa ya kufungua, na mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo. Safari ya Ifakara ni ndefu, na masika barabara huwa mbaya. Kwa hiyo mwenye busara hujua mapema ni nani mwenye gari au pikipiki kijijini, na huitazama inhela kabla haijaisha.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe sisi akili ya kuwahudumia. Amin.