Obokano ya Babu Haiuzwi, Lakini Pia Isifungiwe

Ukipita Daraja Mbili siku ya soko, utaamini kila kitu duniani kina bei. Ndizi zina bei, kuku, mitumba, redio iliyokufa tangu enzi za Moi, hata kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Jua tu kuongea na utapunguziwa. Mimi nimekulia pale. Ndiyo maana kwa muda mrefu nilidhani mtu akisema "hiki siuzi", anataka tu uongeze pesa.

Babu yangu ndiye aliyenifunza vingine, na somo lenyewe sikulipenda hata kidogo.

Sokoro, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na obokano. Kwa wewe usiyetoka huku: obokano ni ala ya Abagusii yenye nyuzi nane, zinazoshuka kutoka kwenye mti wa juu hadi kwenye bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Ni ndugu ya nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wakuria na Wabukusu, lakini katika ukoo huo yeye ndiye wa sauti nzito. Ikipigwa chumba kimoja, chumba cha pili vikombe vinajua.

Ya sokoro aliichonga mwenyewe kabla baba yangu hajazaliwa. Ilikaa ukutani juu ya kiti chake, imeingia weusi wa moshi, na pale mkono wake ulipokuwa ukishika mti ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe la zamani. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Ukiigusa unasikia "weka!" hata kama mzee alikuwa amelala.

Basi, mwaka wangu wa pili chuoni karo ikanishinda. Nikarudi nyumbani na begi na barua ya deni. Wiki hiyo hiyo akaja jamaa anayenunua vitu vya kale vya kupamba mahoteli. Akaiangalia obokano, akataja elfu kumi na tano. Sokoro akatikisa kichwa. Jamaa akapanda hadi elfu ishirini. Sokoro akamwambia anywe chai, amalize, aende salama.

Manze, nilikasirika. Nilimwambia, "Babu, kile ni kipande cha mti na ngozi. Mimi ni mjukuu wako." Hakunigombeza. Alisema, "Karo ukilipa leo, muhula ujao wataitisha tena. Hii nikiuza, sitaipata tena." Mwezi uliofuata aliuza ndama na kunipa pesa zote. Hazikutosha, na chuo sikurudi. Lakini nilibaki na swali: huyu mzee aliyekuwa tayari kuuza ndama kwa ajili yangu, mbona alikataa kuuza mti?

Sasa naelewa kidogo. Ndama ni mali. Ile obokano ilikuwa mikono yake ya ujana, harusi alizopiga na marafiki aliokwisha kuwazika. Si ushamba wa wazee wetu pekee. Muulize Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani. Ana gitaa aina ya Martin alilonunua mwaka 1969 na kulipa jina, Trigger. Nyumba yake iliposhika moto, alirudi ndani kulitoa. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilipokamata mali zake kwa sababu ya deni la kodi, alimwomba bintiye alitoe gitaa lile lisichukuliwe. Tajiri yule angeweza kununua magitaa mia. Alitaka lile moja.

Kwa hivyo hoja yangu ya kwanza ni kwetu vijana: tuache kuwacheka. Mzee akikataa kuuza ala yake, hajakosa akili ya biashara. Amejua kitu ambacho soko haliwezi kupima.

Lakini ngoja, sijamaliza na wazee pia.

Lile gitaa la Willie Nelson lina tundu. Amelipiga miaka mingi hadi mbao ikatoboka. Hivyo ndivyo mapenzi yake yanavyoonekana. Obokano ya sokoro haikuwa na tundu la kupigwa. Katika miaka yake ya mwisho ilikuwa na matundu ya fukusi. Vidole vyake vilikuwa vimekaza, hakuweza tena kupiga, na hakutaka mwingine apige. Ngozi ikalegea kwa hii mvua yetu ya Kisii isiyoisha. Panya wakaonja pembeni. Nyuzi mbili zikakatika zikabaki zikining'inia. Mwenyewe akiwa chini yake kila jioni, akiipenda, akiiangalia ikifa.

Tulipomzika, watu wa rika lake walitaka apigiwe obokano usiku wa mkesha. Iliteremshwa. Hakuna hata mmoja wetu, watoto saba na wajukuu zaidi ya ishirini, aliyejua kuikaza nyuzi, sembuse kupiga. Ilirudishwa ukutani. Tukakodi spika na kijana wa muziki, na tukamsindikiza mchezaji wa obokano kwa nyimbo za simu.

Aibu ile bado ninayo. Na sitaki kumwekea marehemu yote. Yeye hakufunza, ni kweli. Lakini mimi nililala nyumba moja na ile ala miaka mingapi, na sikuwahi kusema, "Sokoro, nionyeshe." Kuna mwanamke Mjapani anayejulikana kwa jina Anyango. Yeye alitoka kwao Japani, akaja hadi Siaya, akakaa kijijini na kujifunza nyatiti, ala ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Yeye alivuka bahari. Mimi nilishindwa kuvuka sebule.

Wengine watasema bora jumba la makumbusho. Sawa, makumbusho yana kazi yake. Lakini watafiti wa Kenya na wa Ulaya walioanza mwaka 2018 kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje ya nchi walihesabu zaidi ya 32,000. Vingi vimekaa stoo, mbali na watu waliovitengeneza. Kitu kinaweza kutunzwa vizuri sana na bado kikawa bubu. Ukuta wa hoteli ni hivyo hivyo. Na ukuta wa sokoro, nasema kwa heshima, ulikuwa unaelekea huko huko.

Basi tufanye nini? Wewe mzee mwenye obokano, usiuze. Ila chagua mtoto mmoja, awe mvulana au msichana, umruhusu kuigusa ungali hai. Atakata uzi, ndiyo. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unapatikana sokoni kwa pesa kidogo. Wewe mwenye hoteli, ukitaka urembo, agiza obokano mpya kwa fundi na umlipe jasho lake. Wachongaji wa mawe wa Tabaka wanaishi kwa sababu watu huagiza kazi mpya, hawaendi kung'oa ya zamani kwenye nyumba za watu. Walimu mnaopeleka watoto kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, msimwite mzee wiki moja kabla ya mashindano. Mwiteni muhula mzima, na mumlipe. Na ninyi kaunti za Kisii na Nyamira, tumbuizo za wageni wenu zianze na hawa, kwa malipo, si kwa soda na shukrani.

Na wewe kijana mwenzangu, leo jioni angalia juu ya kiti cha babu yako. Kama kuna kitu kimening'inia, uliza jina lake, nani alikichonga, na kinapigwaje. Ukichelewa utauliza jeneza.

Mimi nimeanza. Ile obokano niliipeleka kwa fundi mmoja mzee si mbali na Daraja Mbili. Aliwamba ngozi mpya, akatibu mti, akafunga nyuzi zote nane. Jumamosi huwa naenda kwake kujifunza. Bado napiga vibaya, majirani ni mashahidi. Juzi mteja mmoja wa fundi aliiona akauliza naiuza ngapi. Nilijikuta nikitikisa kichwa kabla hajamaliza kuongea. Kisha mtoto wa fundi akaomba aiguse, na hapo ndipo nikakumbuka ninachopaswa kufanya. Nikamsogezea kigoda.