Sheria Isiyomfikia Mkulima

Mwaka 2017 Ufaransa ilitunga sheria inayozilazimu kampuni zake kubwa kubaini na kuzuia madhara ambayo shughuli zao huwaletea watu na mazingira, hata nje ya mipaka yake. Wengi tuliishangilia. Tulidhani sasa mkulima wa Afrika ataweza kumdai tajiri wa Paris haki yake huko huko Paris.

Yaliyofuata yanafundisha. Oktoba 2019 mashirika ya Ufaransa na Uganda yaliishitaki Total kuhusu visima vya mafuta vya Tilenga na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Yalidai kuwa wanakijiji walizuiwa kutumia mashamba yao kabla ya kulipwa fidia, kampuni ilikanusha. Miaka miwili ikapotea katika ubishi juu ya mahakama ipi ina mamlaka, ya biashara au ya madai. Februari 2023 shauri likatupwa, si kwa kuwa kampuni ilithibitika kutokuwa na hatia, bali kwa kuwa madai yaliyofika mbele ya mahakama yalitofautiana na yale ya notisi ya awali. Kuhusu mashamba, hakuna kilichoamuliwa.

Wenye mitaji wanalalamika kwamba sheria za namna hii ni mzigo. Februari 2025 Tume ya Ulaya iliwaitikia: ilipendekeza kukifuta kifungu cha dhima ya pamoja ya fidia katika Direktiva ya mwaka 2024. Lakini mzigo huu anaubeba nani? Nyaraka za mradi zimo makabatini mwa kampuni. Anayetakiwa kuthibitisha madhara ni mtu asiye na wakili wala nauli. Na mnunuzi mkubwa, akibanwa na sheria, humtupia msambazaji mdogo fomu na gharama za ukaguzi, huku bei ya kununulia ikibaki ile ile.

Sheria ya haki ingemlazimu mwenye nyaraka azitoe, ingemruhusu mlalamikaji kusahihisha kasoro za karatasi zake, na ingemtaka mnunuzi achangie gharama anazozisababisha. Nazo Kampala na Dodoma zisijifiche nyuma ya Paris: ardhi ni yetu, na mahakama tunazo.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumeishika nusu ya kwanza tu.