Si Kila Mwenye Kifua Kipana Ni Mwalimu

Kijana mmoja wa Likasi ametuandikia barua ndefu. Amemaliza shule ya sekondari, hana kazi, lakini ana nguvu. Kwa vyuma vilivyotupwa amejitengenezea vitu vya kuinua, na sasa jirani zake wamfuata kila alfajiri kukimbia na kunyosha viungo. Wengine humpa franka kidogo. Auliza: je, ili aitwe mwalimu wa mazoezi yampasa kuwa na vyeti, au mwili wake watosha kuwa ushahidi?

Zamani, Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville (jina hilo liliachwa mwaka 1966), baba wengi walitoka jasho la kutosha kazini, wala hawakuwaza kukimbia kwa ajili ya kukimbia tu. Siku hizi wengi hukaa kitini au juu ya pikipiki. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Basi kazi ya kijana huyu ni njema. Lakini mwili wake washuhudia jambo moja tu, yaani kwamba amejua kujizoeza mwenyewe.

Juu ya vyeti nchi hazikubaliani. Huko Ufaransa sheria yamkataza mtu kufundisha michezo kwa malipo asipokuwa na diploma au cheti kinachotambuliwa. Marekani haina sheria ya jumla ya namna hiyo, ila vyama hutoa vyeti vyao. Chama cha American College of Sports Medicine, kilichoanzishwa mwaka 1954, humtaka mwombaji awe na miaka 18, awe amemaliza sekondari, tena awe na cheti cha kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Ndipo afanye mtihani. Kwetu, atakaye kusomea ualimu wa mazoezi katika chuo cha juu, kwanza diploma ya Leta. (Kifaransa chamwita mwalimu wa mazoezi kwa jina lile lile la moniteri ambalo wazee wetu walimpa mwalimu wa shule ya misioni. Naye moniteri yule, hata kama masomo yake yalikuwa mafupi, mara nyingi alifundishwa kabla ya kuingia darasani.)

Sharti lile la kuokoa ndilo tungelitanguliza. Mtu akianguka, asiitike wala asipumue vema, hakuna nafasi ya kutafuta kitabu. Yapasa kuita msaada na kubonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hata msaada ufike. Msalaba Mwekundu hufundisha mambo hayo, na mikono hujifunza kwa kutenda.

Kisha kuna kujua kuuliza. Katika nchi yetu wako watu wengi wenye ugonjwa wa damu wa drepanositozi, ambao wengi huuita SS. Mazoezi makali, kiu na baridi ya alfajiri vyaweza kumtia mgonjwa huyo katika maumivu makubwa. Mwalimu asiyeuliza atamwita mvivu kijana ambaye damu yake inamzuia. Mama aliyejifungua juzi naye ana mazoezi yake, na mwenye kisukari yake. Mambo hayo hayaonekani kwa kutazama kifua cha mtu.

Tulifika mwisho wa barua, na hapo tulisikitika. Kijana aeleza kwamba kati ya wanafunzi wake yumo mzee mmoja aliyestaafu kiwandani. Mara mbili katika kukimbia mzee huyo ameketi chini akishika kifua, naye akamwambia, “Baba, jikaze!”

Mwanetu, usimwambie tena hivyo. Maumivu ya kifua katika kukimbia ni neno la daktari, si la mwalimu, na hata mwalimu mwenye diploma tatu angesimamisha mazoezi palepale. Swali lako la vyeti laweza kungoja juma moja. Mzee huyo asikimbie kesho. Nenda nyumbani kwake leo, umweleze kwa heshima, umsindikize hospitalini.