Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?

Katika kurasa hizi wanafunzi wengi wamekwisha kuandika habari za safari zao, na leo mimi, mwalimu wao, naomba nafasi niandike yangu. Ni safari ya mpira. Lakini sikukusudia kusimulia mchezo peke yake. Nataka kueleza neno moja nililojifunza siku ile, nalo kwa maoni yangu latuhusu sote tuishio Nyanda za Juu Kusini, wazazi, walimu na wanafunzi.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2019. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea kuingia kidato cha tano, na siku hizo nilimsaidia mjomba wangu katika duka lake la mchele pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mjomba ni mtu wa Yanga tangu utoto wake, na mimi niliyarithi mapenzi hayo kama mtu arithivyo shamba. Ilipojulikana kwamba Yanga watacheza na Lipuli mjini Iringa, nusu fainali ya kombe ambalo wengi huliita Kombe la FA, siku ya Jumatatu tarehe 6 Mei, mjomba alifunga duka bila kusita. Siku za kawaida hata kwenda msibani alinituma mimi.

Tuliondoka Jumapili alfajiri. Tulipita Uyole, Igurusi, Chimala na Igawa, tambarare ya Usangu ikiwa upande wetu wa kushoto. Makambako baridi ilituingia mifupani, na Mafinga tuliona misonobari imejipanga kama askari wa gwaride. Mwendo wote ni zaidi ya kilomita 300. Tulilala kwa jamaa zetu Ipogolo, na siku ya pili tukaupanda mlima kuingia mjini, tumevaa jezi za kijani na njano, tukiimba. Jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Basi mjomba alitamba njiani kwamba ngome hiyo itaanguka kabla ya mapumziko.

Katika Kiwanja cha Samora nilidhani tutakuwa wageni wachache. Kumbe sivyo! Pande zote niliwaona wenyeji wa Iringa waliovaa kama sisi, wakiisubiri timu ya Dar es Salaam iwafunge ndugu zao. Karibu nami aliketi mzee mmoja mwenye koti zito na kofia ya sufi. Alinisalimu, “Kamwene,” nami nikamwitikia kama nilivyofundishwa na jamaa zetu wa Ipogolo.

Mchezo wenyewe wengi waukumbuka. Lipuli hawakucheza kama watu waliotishika. Walikimbilia kila mpira, wakashinda mabao 2 kwa 0, moja la Daruwesh Saliboko na moja la Paul Nonga. Huyu Nonga aliwahi kuichezea Yanga yenyewe, na kabla ya hapo aliichezea Mbeya City. Yaani mtu niliyeweza kumtazama karibu na nyumbani kwetu ndiye aliyenitia huzuni mbali na nyumbani. Wanapaluhengo, kama Lipuli wanavyojiita, waliimba mpaka jua likazama.

Mzee yule aliniona nimeinamisha kichwa. Hakunicheka. Aliniuliza, “Mjukuu wangu, umetoka wapi?” Nikasema, “Mbeya, babu.” “Kwenu hamna timu?” Nikamjibu kwa fahari kwamba tunazo, Mbeya City na Prisons, zote katika Ligi Kuu. Akauliza tena, “Mara ya mwisho zilicheza na nani?” Hapo nilinyamaza. Sikujua. Msimu ule mzima nilikuwa nimeingia Kiwanja cha Sokoine mara mbili tu, zote mbili kwa sababu Simba au Yanga walikuja, ijapokuwa kutoka Mwanjelwa mpaka pale ni mwendo wa miguu. Mzee akatikisa kichwa, akasema polepole, “Umepita njia ndefu kumtazama mtoto wa jirani, na wa kwako hujui kama amekula.”

Maneno hayo nilirudi nayo Mbeya, na sijayasahau.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Nami nauliza, wanaocheza kwetu hutunzwa na nani? Twaona fahari kukumbuka kwamba Tukuyu Stars, timu ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Twakumbuka pia msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na mara ile ile ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Tarehe 13 Aprili 2014 Azam ililazimika kuja mpaka hapa Sokoine kuutafuta ubingwa wake wa kwanza, ikaupata kwa shida, mabao 2 kwa 1. Siku hizo mashabiki wa Mbeya City walijulikana nchi nzima kwa kuifuata timu yao ugenini. Lakini furaha ilipopungua, na watu walipungua. Mwaka 2023 timu ilishuka daraja, na ilirudi mwaka 2025.

Na Lipuli je? Tarehe 1 Juni 2019 walicheza fainali na Azam mjini Lindi, wakafungwa bao 1 kwa 0. Mwaka mmoja tu baadaye, msimu wa 2019/20 ulipokwisha, walishuka daraja. Sisemi kwamba timu hushuka kwa sababu moja. Fedha huwa haba, wachezaji wazuri huondoka, na uongozi una kazi yake. Lakini nasema hivi: timu ambayo wenyeji wake huja kiwanjani siku ya kuitazama timu ya wengine tu, imekwisha kuanza kushuka kabla hata ya kufungwa.

Wako watakaonijibu kwamba Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwamba ni timu za taifa zima, si za Dar es Salaam. Ni kweli, wala simwambii mtu aiache timu ya baba yake. Mimi mwenyewe ningali Yanga. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya mbali yasiwe sababu ya kuwanyima haki walio karibu. Mtu aweza kumpenda shangazi yake wa mjini, lakini chakula humpelekea kwanza mama yake aliye nyumbani.

Jambo hili lipo hata hapa shuleni. Muhula huu timu yetu ilipocheza mchezo wa kirafiki na wageni, niliwahesabu watazamaji wetu, nao hawakufika 40. Wengine walikuwa wapi? Wengi walikuwa wamejibana katika vibanda umiza vya mtaani, wanatazama mchezo wa Uingereza kwa fedha za matumizi walizopewa na wazazi wao. Kijana aliyefunga bao letu alinyosha mikono juu kuwashangilia watu ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, tuunde chama cha wapenzi wa michezo hapa shuleni, na mara mbili kila muhula twende Sokoine pamoja na mwalimu, tukilipa kiingilio chetu, siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga. Pili, mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuandika habari za michezo yetu katika gazeti hili, ili majina ya wachezaji wetu yasomwe na wazazi wao. Tatu, tukisafiri kuishangilia timu, tukumbuke kwamba mgeni ni balozi wa kwao. Mzee yule wa Iringa angeweza kunizomea, akachagua kunifundisha.

Mjomba wangu tangu siku ile ana jezi mbili. Ya kijani na njano huitundika ukutani, na ya Mbeya City huivaa. Mwanzoni alinung'unika, akisema ni mzigo mpya. Siku hizi, nikichelewa kumpitia, hunitangulia kiwanjani.