Baraza la Washauri na Chama cha Wanafunzi

Mwaka 1948, Ulaya ikiwa ingali magofu ya Vita Kuu ya Pili, wanafunzi wa uchumi na biashara kutoka nchi saba waliunda chama kiitwacho AIESEC, kwa nia ya kuleta maelewano kati ya mataifa. Chama hicho leo chapokea vijana wa masomo yote, nacho kimefika hata Uganda, Kenya na Tanzania. Kazi yake kubwa ni kuwapeleka vijana nchi za nje wakafanye kazi na kujifunza. Jamaa wengi husikia habari zake siku mtoto aliye chuoni anapoomba nauli.

Chama hiki huendeshwa na wanafunzi wenyewe, na uongozi wake hubadilika kila mwaka. Hapo ndipo penye hatari. Mweka hazina akianza tu kuzielewa hesabu, muda wake umekwisha. Kampuni iliyoahidi kumpokea kijana huandikiwa na mtu mgeni asiyejua ahadi ya mwenzake, na huku kijana amekwisha panda ndege.

Ndiyo maana matawi huunda baraza la washauri: wenye kampuni, mhadhiri, mhasibu, mwanasheria, na wanachama wa zamani. Hao hukaa miaka kadhaa, nao ndio kumbukumbu ya chama. Huwajulisha vijana kwa wakubwa wa biashara, huwaonya kabla ya kutia saini mkataba, na huuliza maswali magumu juu ya fedha.

Lakini hawaamuru. Askari aliyezoea amri huenda akauona mpango huu kuwa umelegea, sivyo. Mwanafunzi ndiye aamuaye, na akikataa shauri hana budi kulijibia tokeo lake. Mzee anayenyakua usukani, hata kwa wema, huwanyima vijana kile walichokijia.

Kosa la vijana nalo ni kuliita baraza siku sanduku la fedha limekauka. Mjumbe anayetafutwa kwa ajili ya mfuko wake tu huacha kuhudhuria, na anapoondoka huondoka na majina ya watu wote anaowafahamu. Tawi lenye busara hupeleka hesabu kabla ya mkutano, habari mbaya zikiwamo, na huuliza swali moja lililo wazi badala ya kuomba msaada kwa jumla. Mwisho wa mwaka, mweka hazina anayetoka na anayeingia huketi pamoja mbele ya baraza, daftari la benki likiwa mezani, na kila ahadi iliyotolewa kwa kampuni au kwa kijana aliyeko safarini husomwa kwa sauti.

Basi mzazi akiletewa karatasi za safari ya mwanawe, ana haki ya kuuliza baraza la tawi hilo ni akina nani, na mara ya mwisho lilikutana lini.